Machozi ya Muvi ni ya Nani?



Likizo iliyopita tulikuwa na semina ya vijana parokiani kwetu, na kama kawaida, siku ya pili jioni tukafungua sanduku la maswali. Unajua maswali ya sanduku yalivyo: uchumba, freemason, mtu akila kwa kusahau kabla ya Komunyo itakuwaje. Katikati ya hayo ikatoka karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya kijani: "Frateri, mimi nikiangalia muvi nalia mpaka macho yanavimba. Lakini bibi yangu alipofariki sikutoa hata chozi moja. Hii ni dhambi?"

Vijana wa kiume waliokaa nyuma wakacheka. Na mimi, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari na watu wameanza kuangalia saa, nikajibu kwa nusu dakika: hapana, hisia si dhambi, tuendelee. Nikachukua karatasi nyingine. Nilipoinua macho nikaona binti mmoja kwenye benchi la pembeni ambaye hakucheka, anaangalia sakafu. Sikumfuata. Inawezekana si yeye aliyeandika. Ila jibu langu limenisumbua tangu siku ile, maana nililijibu neno "dhambi" tu, swali lenyewe nikaliacha mezani. Hili hapa ni jibu langu la kuchelewa. Nitakuchosha kidogo na falsafa, univumilie. Miaka mitatu niliyoisoma lazima itumike mahali.

Kwanza, waliocheka

Ingia kibanda umiza chochote siku ya muvi ya Kihindi. Watu wamebanana kwenye mabenchi, joto kali, na hadithi imefika pale mama anapomtambua mwanawe aliyepotea miaka ishirini. Utasikia ghafla wanaume wazima wanakohoa. Mmoja anasema kuna vumbi. Mwingine anatoka nje "kupokea simu". Wote wanalia, hakuna anayekiri, kwa sababu tumelelewa kwamba mwanaume halii.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwenye ile Summa yake kubwa, aliuliza kabisa kama machozi yanapunguza huzuni, na akajibu ndiyo. Sababu yake ya kwanza ni rahisi kuielewa: kinachokuumiza kikifungiwa ndani kinauma zaidi, kwa kuwa roho yote inakikodolea macho, kikipata njia ya kutoka, roho inapumua. Sababu ya pili ni kwamba mtu anapofanya jambo linalolingana na hali aliyo nayo anapata nafuu fulani. Mwenye huzuni akilia, anafanya kinacholingana naye. Katika dawa za huzuni alizozipanga hapo, mbali na machozi, wamo marafiki, kumo kuutafakari ukweli, na, usicheke, kumo kulala na kuoga. Hilo la kuoga si langu, ni la Mwalimu wa Kanisa.

Halafu kuna Yesu kwenye kaburi la Lazaro, Yohane sura ya 11. Alijua anakwenda kumfufua. Aliwaambia wanafunzi wake hivyo kabla hawajaanza safari. Yaani aliujua mwisho wa hadithi, na bado alilia. Kwa hiyo anayekuambia "unalia nini, hayo ni maigizo tu na mwishoni anapona", mwambie kuna Mtu aliyelia huku akijua mwisho kuliko sisi sote.

Kwa hiyo machozi si aibu. Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimerudia jibu langu la nusu dakika.

Augustino ukumbini

Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ulio katika Algeria ya leo. Akiwa na miaka kama 17 alikwenda Karthago, Tunisia ya leo, kusoma chuo. Kijana wa mkoani kaingia mjini, ada inalipwa, mama yuko mbali, unaweza kukisia. Moja ya mambo yaliyomteka kule ni maigizo ya jukwaani, hasa yale ya majonzi.

Miaka mingi baadaye, akiwa tayari Askofu wa Hipo, aliandika Maungamo, na mwanzoni mwa kitabu cha tatu anajichunguza kuhusu jambo hili kwa ukali ambao hata mimi ulinishtua. Anashangaa: kwa nini mtu anapenda kuhuzunishwa na mambo ambayo yeye mwenyewe asingetaka yampate? Tena anaona kituko kingine, kwamba mtazamaji asipohuzunishwa anaondoka analalamika kuwa igizo lilikuwa baya. Si ndiyo sisi hao? Mtu anatoka anasema "muvi mbovu ile, haijaniliza hata kidogo".

Kisha anafika kwenye mfupa. Anasema pale ukumbini mtazamaji haitwi kusaidia, anaalikwa kuhuzunika tu. Hakuna anayesimama kwenda jukwaani kumwokoa mtu, wala hapaswi. Unaketi, unalia, unafurahia kulia, unakwenda nyumbani. Na katika kitabu cha kwanza cha Maungamo hayo hayo alishakumbuka jinsi alivyokuwa mwanafunzi mdogo akimlilia Dido, yule malkia wa Karthago katika utenzi wa Virgil aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, wakati yeye mwenyewe alikuwa anakufa mbali na Mungu na jicho lake ni kavu.

Wapo wanaosoma kurasa hizo wakahitimisha kwamba muvi zote ni za shetani. Augustino hakusema hivyo. Pale pale anauliza kama basi huruma itupwe, na anajibu la hasha. Shida yake ni huruma iliyozoeshwa kukaa kwenye kiti.

(Mabishano haya ni ya zamani kuliko Kanisa. Plato aliwaogopa washairi kwa sababu wanatufundisha kuona raha katika kuomboleza, halafu tabia hiyo tunaibeba mpaka kwenye maisha yetu. Aristotle, mwanafunzi wake, akaona kinyume: igizo zuri la majonzi linaamsha huruma na hofu na kuzisafisha. Wataalamu wanagombana mpaka leo "kuzisafisha" maana yake nini hasa. Nilipata swali hilo kwenye mtihani, na sitaki kulizungumzia zaidi.)

Thoma, karne nyingi baada ya Augustino, alichukua maelezo yake ya huruma kutoka kwa Augustino huyo huyo: ni moyo wetu kuumia pamoja na taabu ya mwingine, kuumia kunakotusukuma tumsaidie kama tunaweza. Nilisoma maneno hayo mara nyingi darasani bila kuona kitu. Siku hizi nikiyasoma nakwama kwenye maneno mawili ya mwisho, "kama tunaweza". Nitakuambia kwa nini.

Wezi wa baiskeli

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huwa tunaruhusiwa kuangalia filamu ukumbini, projekta na spika mbili. Mwezi huo mlezi wetu mmoja aliyesoma Roma alileta filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1948, isiyo na rangi, inaitwa Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica. Tuliguna. Tulitaka ya mapigano. Padre akasema iko kwenye orodha ya filamu 45 ambazo Vatikani ilizitoa mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia, basi tukanyamaza kwa utii. Yeye mwenyewe akawa anatafsiri kwa sauti, kama wale maDJ wa vibandani.

Hadithi yenyewe ni hii. Roma, vita vimeisha juzi tu, kazi hakuna. Antonio anapata kazi ya kubandika mabango ukutani, kwa sharti moja: awe na baiskeli. Baiskeli anayo, ila ameiweka rehani. Mkewe Maria anaondoa mashuka kitandani, anayafua, anayapeleka rehani ili baiskeli itoke. Kamera inamwonyesha mfanyakazi wa duka la rehani akipanda na furushi lile juu ya rafu, na unaona rafu imejaa mafurushi mengine ya mashuka mpaka karibu na dari. Hakuna anayeeleza kitu hapo. Unaelewa mwenyewe kwamba mji mzima unalala bila shuka.

Siku ya kwanza ya kazi, Antonio yuko juu ya ngazi anabandika bango, kijana mmoja anapita na baiskeli yake. Imekwenda. Polisi wanaandika maelezo, basi. Kesho yake ni Jumapili, na filamu iliyobaki ni Antonio na mtoto wake mdogo, Bruno, wakiitafuta kwenye masoko ya Roma. Baiskeli ile jina lake la kiwandani ni Fides. Sisi mafrateri tulipoliona tukatazamana, maana Kilatini hicho kila mmoja anakijua: imani.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu anaendesha bodaboda ya mkataba, huhitaji nieleze zaidi. Pikipiki si yake, hesabu ya kila siku inamsubiri, kadi iko kwa tajiri. Ikiibiwa, imeibiwa na ada ya mtoto na kodi ya chumba.

Kuna kipande mvua inanyesha, Antonio na Bruno wamejibanza ukutani, wamelowa. Linakuja kundi la waseminari, kanzu nyeusi, kofia, nao wanajibanza hapo hapo, wanapiga stori zao kwa Kijerumani kwa furaha kabisa. Mmoja wao, nilijua baadaye, ni Sergio Leone akiwa kijana, yule aliyekuja kutengeneza filamu za makaboi. Mvua inakatika, wanaondoka. Hawakumwona Antonio. Ukumbini kwetu tulicheka sana, "wenzetu hao!" Nakumbuka nilicheka kuliko wengine.

Mwishoni Antonio amechoka. Nje ya uwanja wa mpira kuna baiskeli mamia zimepangwa, na kuna moja peke yake imeegemezwa kwenye mlango. Anampa Bruno nauli apande tramu aende. Kisha anaichukua ile baiskeli na kukimbia nayo. Mwenyewe anapiga kelele za mwizi, watu wanatoka kila upande, wanamkamata, wanamsukuma, wanampiga makofi, kofia inaanguka. Na Bruno hakuipata tramu. Amesimama pale anamwona baba yake. Anaokota kofia, anaipangusa vumbi. Mwenye baiskeli anamwangalia yule mtoto, halafu anasema mwacheni aende. Antonio anatembea katikati ya umati, anaanza kulia, na Bruno anamshika mkono.

Taa ilipowashwa, nilikuwa nalia bila kujificha. Na si mimi peke yangu.

Aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Filamu ilisifiwa dunia nzima, Marekani wakaipa tuzo ya heshima ya Oscar. Yeye aliporudi kiwandani alipunguzwa kazi. Watu walimlilia kwenye kioo kwa kukosa kazi, na nje ya kioo akakosa kazi kweli.

Stendi

Usiku ule sikulala, kwa sababu kile kipande cha mwisho nilikuwa nimeshakiona. Mwaka mmoja kabla yake nilitumwa na mlezi mwingine mjini, na dereva na kirikuu cha seminari, kununua mafuta ya kupikia, mishumaa na sabuni. Tukiwa tunarudi, karibu na stendi, barabara ikawa imeziba. Kelele za mwizi. Kijana wa umri wangu hivi, shati limechanika, yuko chini, na wale ambao magazeti huwaita "wananchi wenye hasira kali" wamemzunguka. Nilisikia mtu anasema ni simu, mwingine anasema ni betri ya pikipiki. Niliona ndala moja ya bluu imebaki katikati ya lami.

Dereva akasema, "Frateri, usishuke." Sikuwa na mpango wa kushuka. Nilipandisha kioo. Nakumbuka vizuri nilichokuwa nawaza: mishumaa huko nyuma isije ikayeyuka kwa jua. Njia ilipofunguka tukapita. Nikafika, nikakabidhi vitu, nikala, nikasali masifu ya jioni. Sikutoa chozi, tena wala sikujizuia, halikuwepo.

Sasa linganisha. Antonio ni mtu wa kutungwa, tena mwizi kweli, tumemwona akiiba. Nikamlilia. Yule wa stendi alikuwa na mwili na damu, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kama aliiba. Nikapandisha kioo. Tofauti ni nini? Antonio nilimfahamu. Nilikuwa nimekaa naye saa moja na nusu, nimeona mashuka ya mkewe. De Sica alinilazimisha nijue mtu aliyekamatwa ametoka wapi asubuhi ile. Wa stendi nilimkuta kwenye dakika yake ya mwisho tu, na kwa dakika moja mtu yeyote ni "mwizi". Na tofauti ya pili ni ile ya Thoma. Kwa Antonio hakuna ninachoweza kufanya, hivyo kulia ni bure, hakunigharimu. Kwa wa stendi nilikuwa naweza. Siwezi kusema ningemwokoa. Lakini simu nilikuwa nayo, honi ilikuwepo, na kanisa lilikuwa mita mia mbili kutoka pale.

Nilipeleka jambo hili kwenye kitubio. Padre aliniuliza kama yule kijana yuko hai. Nikasema sijui. Akasema, "Basi malipizi yako ni kwenda kujua."

Ilinichukua wiki tatu kupata ruhusa na ujasiri. Vijiwe vya bodaboda walikuwa wameshasahau, matukio ni mengi. Aliyejua ni mama lishe mmoja anayepika upande wa pili wa barabara. Alisema siku ile aliwamwagia watu maji ya kuoshea vyombo, sufuria nzima, akaingia katikati na mwiko mkononi akipiga kelele kwamba huyu ana mama. Wengine walimtukana, wengine wakaona aibu, ikatosha mpaka polisi walipofika. Kijana alilazwa, akapona, akarudi kijijini kwao. Mama yule hana habari na Thoma wa Akwino. Akaniuliza, "Kwani wewe ni ndugu yake?" Nikasema hapana. Akaendelea na vyombo vyake. Nilinunua chai na chapati mbili, nikakaa pale mpaka saa saba, sikuwa na la kusema.

Nathani na Ijumaa Kuu

Soma leo 2 Samweli sura ya 12, ni fupi. Daudi amemchukua mke wa Uria na kumfanyia mpango Uria auawe. Mungu anamtuma nabii Nathani, naye Nathani hafiki na mashtaka. Anakuja na hadithi: tajiri mwenye mifugo mingi, maskini mwenye mwanakondoo mmoja anayelala kifuani pake kama mtoto, na tajiri anamchukua huyo mmoja kumchinjia mgeni. Daudi anawaka hasira. Anataka tajiri yule afe. Hasira yake ni ya kweli kabisa, moyo wake umeguswa. Na angeachwa hapo, angelala usingizi mzuri akijiona mfalme mwenye huruma sana. Nathani ndiye anayegeuza hadithi imwelekee aliyekuwa anaisikiliza, na kumwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Muvi karibu zote hazina Nathani. Zinatufikisha mpaka kwenye hasira ya Daudi, machozi yamejaa, halafu majina ya waigizaji yanapita na muziki. Nathani itabidi umtafute mwenyewe.

Hata muvi takatifu haikuokoi hapo. Kila Kwaresima tunaweka ukumbini The Passion of the Christ ya Mel Gibson, ya mwaka 2004. Nimewaona vijana wakilia mijeledi inapoanza, nami nimelia. Lakini Luka 23, njiani kwenda Kalvari, wanawake wa Yerusalemu wanamlilia Yesu, na Yeye anawageukia na kuwaambia wasimlilie Yeye, wajililie wenyewe na watoto wao. Tunaisali kwenye kituo cha nane cha Njia ya Msalaba kila Ijumaa. Machozi yao hakuyakataa. Aliyapa anwani nyingine. Na mimi namfahamu mtu aliyelia Ijumaa Kuu mpaka akatolewa nje na wenzake, na Jumatatu ya Pasaka akapishana na kaka yake wa damu njiani bila salamu, kwa ajili ya mpaka wa shamba.

Hayati Papa Fransisko, alipokwenda Lampedusa Julai 2013, kisiwa ambacho wahamiaji wengi walikuwa wakizama baharini kukifikia, aliuliza katika mahubiri ni nani kati yetu aliyewalilia watu hao. Tuliona habari zao kwenye simu, wengi wetu. Tukapitisha kidole.

Kuhusu bibi yako

Sasa wewe wa kalamu ya kijani. Usije ukaona ninakuambia una moyo mgumu kama wangu wa stendi. La kwako ni tofauti, na nasikitika sikuliona siku ile.

Msibani hakuna nafasi ya kulia kama watu wanavyodhani. Kuna maji ya kuchota, wageni wa kupokea, vyombo, wadogo zako wa kuangaliwa, na kama wewe ni binti mkubwa nyumbani, ulikuwa jikoni muda wote wengine wakiwa kwenye mkeka. Jambo zito likija lote kwa pamoja, mwili mara nyingine unafunga mlango ili usianguke. Kutolia si kutompenda. Halafu miezi inapita, umekaa gizani na muvi, hakuna anayekuhitaji kwa saa mbili, muziki unapiga polepole, na kwenye kioo kuna bibi kizee anamsuka nywele mjukuu wake. Mlango unafunguka. Unafikiri unamlilia yule wa kwenye muvi. Inawezekana kabisa ni machozi ya bibi yako yaliyochelewa njiani.

Kama ndivyo, usiyaache yaishie kwenye mto wa kitanda. Muvi ikiisha, mtaje bibi kwa jina lake. Mwombee raha ya milele. Nenda ofisini kwa padre uandikishe nia ya Misa, hata kama zimepita siku nyingi, na siku ya Misa hiyo ukilia, lia. Ukipata nafasi, nenda kaburini ukang'oe majani. Na kama huzuni inakuzidi, hulali, huli, huoni sababu ya kuamka, hapo usibaki na muvi wala na makala ya frateri. Mwambie mtu mzima unayemwamini, mwende hospitali.

Na kama mimi nilikosea, na wewe ulikuwa unauliza kitu kingine kabisa, niandikie tena. Safari hii nitasoma mpaka mwisho.

Kwa vikundi

Viongozi wa vijana mnaotaka kuifanya hii kuwa somo la kikundi: filamu ya De Sica ni dakika 89 hivi, mkiwa na mtu wa kutafsiri inatosha jioni moja. Ikiisha, msiwashe taa haraka na msiweke nyimbo. Kaeni kimya dakika tano, zitaonekana ndefu. Kisha kila mtu aseme, asiyetaka asilazimishwe: ni wapi hasa machozi yalikuja, au yalikaribia? Sehemu hiyo inanikumbusha nani ninayemfahamu kwa jina? Na kuna kitu ninachoweza kumfanyia kabla ya Jumapili? La tatu liwe kitu kidogo kinachoshikika: kupiga simu, kurudisha deni, kupeleka unga. Jumapili baada ya Misa mkutane dakika kumi, muulizane nani amefanya. Sisi seminarini tulipojaribu, kati ya watu kumi na wanne walikuwa wamefanya wanne, na mmoja wao alikuwa amempigia baba yake ambaye hawakuongea tangu aingie seminari. Simu haikupokelewa. Anajaribu tena wiki hii, mtusaidie kumwombea.